Msimu wa korosho: Pima tairi kabla ya kukubali bei ya pikapu

MKULIMA wa Newala au Masasi anajua ubaya wa kangomba. Anajua kwamba kipimo kisicho halali humla polepole, na ndiyo maana husimama karibu na mizani ya chama cha msingi akihakikisha kila kilo imeandikwa. Lakini mkulima huyo huyo hukodi pikapu ya kubeba salfa au korosho kutoka shambani, akalipa kwa kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi bila kuuliza swali hata moja.

Dashibodi haipimi barabara. Inahesabu mizunguko ya magurudumu na kuizidisha kwa saizi ya tairi iliyowekwa kiwandani. Ukibadili saizi ya tairi, mahesabu yote yanabadilika, ya mwendo na ya kilomita.

Tuanze na namba zilizoandikwa ubavuni. Tairi ya 265/70R16 ina upana wa milimita 265, kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu yake ni inchi 16. Ukikokotoa, urefu wake toka chini hadi juu ni milimita 777. Tairi ya 235/85R16, inayofungwa kwenye Land Rover Defender nyingi, ni nyembamba zaidi lakini ina urefu wa milimita 806.

Sasa tuchukue gari lililotengenezwa kwa tairi ya milimita 806, mwenye gari akafunga rimu pana na tairi ya milimita 777. Tairi fupi huzunguka mara nyingi zaidi katika safari ile ile. Gari likitembea kilomita 5,000 za kweli kwa msimu, dashibodi itaonyesha karibu 5,187. Tuseme bei mliyokubaliana ni sh 2,500 kwa kilomita. Wakodishaji watakuwa wamelipa sh 467,500 kwa kilomita ambazo hazikutembewa.

Upande wa pili, mwenye gari naye anaweza kuumia. Pikapu iliyotoka kiwandani na tairi ya 245/70R16, yenye milimita 749, ikifungwa 265/75R16 yenye milimita 804 ili iinuke juu ya mchanga, itaonyesha kilomita 4,658 tu katika zile 5,000. Kwa bei ile ile amepoteza sh 855,000. Aidha, atachelewa kubadili oili, na atadhani gari linakula mafuta mengi kuliko ukweli.

Usalama nao umo. Kanuni ya 39 ya Umoja wa Mataifa inataka kipima mwendo kisionyeshe kamwe mwendo mdogo kuliko ule wa kweli. Kinaruhusiwa kuzidisha kidogo tu. Tairi kubwa hula akiba hiyo. Katika mfano wetu wa pili, kama kipimo kilikuwa sahihi kabisa, dereva anayesoma 50 katikati ya makazi anakwenda karibu 54, na anayesoma 80 anakwenda karibu 86.

Wapo watakaosema kwamba wao hukodi kwa tripu, si kwa kilomita. Hata hivyo, bei ya tripu hutokana na hesabu ya mafuta na umbali. Hesabu hiyo ikiwa na kasoro, bei nayo ina kasoro.

Je, tairi kubwa haifai? Inafaa pale inapohitajika, lakini ina gharama. Huongeza mzigo kwa injini, na gari lililojaa magunia likipanda mteremko wa kuelekea Newala litahitaji gia ndogo zaidi na klachi itachakaa mapema. Kwenye mchanga, kupunguza upepo kwa kiasi husaidia, mradi ujaze tena ukirudi barabara ngumu.

Kwa mfanyabiashara, namba muhimu kuliko ukubwa ni ile ya uwezo wa kubeba. Tairi yenye namba 120 hubeba kilo 1,400. Yenye namba 112 hubeba kilo 1,120. Tofauti ni kilo 280 kwa kila tairi. Vilevile tairi zote nne ziwe saizi moja na zikaribiane kwa uchakavu. Zikitofautiana, ukifunga gia ya magurudumu manne kwenye lami, giaboksi na difu huumia.

Kuhakikisha hakuhitaji fundi. Weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari hadi tairi izunguke mara moja, kisha pima kwa futi kamba. Fanya hivyo kwa tairi ya zamani kabla ya kuivua, halafu kwa mpya. Tairi ya milimita 806 na ya 777 zitatofautiana kwa takriban sentimita 9 kila mzunguko. Au linganisha dashibodi na nguzo za kilomita kandokando ya barabara kuu, kwa kilomita 10 angalau. Simu yenye ramani nayo inatosha.

Mkishapata tofauti, iandikeni kwenye makubaliano. Kama dashibodi huonyesha 104 kwa kila 100, mkodishaji akatwe hizo nne. Kama huonyesha 93, mwenye gari aongezewe saba. Mkulima aliyekataa kangomba kwenye korosho asiikubali kwenye usafiri, na mwenye gari asijipunje mwenyewe.