Mkonge Pori ni Pambo, si Mlinzi

Katika nyumba nyingi za hapa Mpanda utaona barazani kopo au ndoo mbovu iliyopandwa mmea wa majani manene, yaliyosimama wima kama panga, yenye mabaka kama ngozi ya nyoka. Wengine huuita mkonge pori, maana majani yake yana nyuzi kama katani. Asili ya huu wa mabaka ni Afrika Magharibi, lakini jamaa zake huota wenyewe katika mapori ya Tanzania.

Sisi wauguzi nasi tunaupenda. Huweka akiba ya maji majanini, kwa hiyo huvumilia kiangazi chetu kirefu. Toboa kopo chini, changanya udongo na mchanga, na umwagilie pale tu udongo unapokauka kabisa. Wengi huuua kwa huruma: maji ya kila siku huozesha mizizi. Ukitaka kuuongeza, gawanya shina lililo chini ya udongo. Ukipanda kipande cha jani lenye kingo za njano, mche utakaochipua utakuwa wa kijani kitupu.

Lakini yapo mambo matatu yanayotusikitisha.

La kwanza, wako wanaoupanda mlangoni wakiamini kuwa nyoka hatapita. Hilo si kweli. Ukiachwa uwe kichaka, panya hujificha humo, na nyoka humfuata panya. Kinga ya kweli ni kufyeka nyasi, kuziba mashimo, kutoweka magunia ya mahindi karibu na kitanda, kutembea na tochi usiku, na kulala ndani ya chandarua kilichochomekwa vizuri. Aliyeumwa asichanjwe, asifungwe kamba ya kukaza, wala asiwekewe jiwe jeusi kwa tumaini kwamba litanyonya sumu. Mvue pete na bangili, atulie, abebwe upesi hadi hospitali. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Tusiisahau sisi tunaoishi nayo.

La pili, akina mama wengine hupasha jani motoni na kumkamulia mtoto maji yake sikioni. Ni desturi ya zamani, wala hatuwacheki wazee wetu. Ila sikio linalotoa usaha huenda ngoma yake imetoboka, na maji hayo hupeleka uchafu ndani. Mwisho wake unaweza kuwa uziwi. Likaushe kwa kitambaa safi cha pamba kilichosokotwa, kisha umlete mtoto zahanati.

La tatu, husemwa kwamba mmea huu husafisha hewa. Ni kweli ulijaribiwa Marekani, na taarifa ikatolewa mwaka 1989, lakini ulijaribiwa ndani ya visanduku vilivyofungwa kabisa. Moshi wa kuni jikoni hauondolewi na kopo la maua. Fungua dirisha, tumia kuni kavu, jenga jiko lenye bomba.

Tena watoto na mbuzi wasiutafune, maana huleta kutapika na kuharisha.

Basi tuupande, tuufute vumbi, tuufurahie. Kazi ya kulinda nyumba ni yetu wenyewe. Tusiuachie mmea.