Kozi Isiyo na Kazi

Kila mwanzo wa muhula, wanafunzi wanapojisajili kwa kozi, swali moja huvuma bwenini: "Hiyo nayo itakupa kazi gani?" Nami niliulizwa nilipochagua Kiarabu cha mwanzo, ilhali masomo yangu ya kufundishia ni Kiswahili na Historia. Sikuwa na jibu. Nilitaka tu kuyasoma kwa macho yangu maandishi ya kale ya pwani, ambayo sisi tunaojiita wanafunzi wa Kiswahili huyapokea yakiwa yamekwisha kunukuliwa kwa hati ya Kirumi.

Sisemi kwamba swali hilo ni la kipuuzi. Aliyeuziwa ng'ombe wa nyumbani ili alipiwe karo hana budi kuhesabu. Hata hivyo, hesabu hiyo ina upofu wake.

Tuitazame hati yenyewe. Katika tahajia ya zamani, irabu tano za Kiswahili zilitoshezwa katika alama tatu, i na e zikishiriki moja, u na o nyingine. Herufi ya b mara nyingi ilibeba pia p na mb. Kwa hiyo neno lile lile laweza kusomwa pata, bata au mbata! Msomaji ataamuaje? Kwa muktadha, naam, lakini pia kwa arudhi: kina kinachojulikana katika mshororo mmoja humfungulia neno la shaka katika mshororo mwingine. Tangu shule ya upili nilikuwa nikihesabu mizani kama karani ahesabuye magunia, nikidhani ni pambo tu la ushairi. Ni darasa la Kiarabu, wala si la ushairi, lililonionyesha kwamba vina vina kazi hata katika usomaji wenyewe.

Na lau kusingekuwa na watu waliozimudu hati zote mbili, tungesoma nini leo? Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zilitufikia kwa juhudi za Mwalimu Sikujua, aliyeshirikiana na W. E. Taylor kuzikusanya katika karne ya 19. William Hichens alizichapisha mwaka 1940, na Mohamed Abdulaziz akazishughulikia upya katika kitabu chake cha mwaka 1979. Miswada mingine ya Kiswahili imehifadhiwa Dar es Salaam na London, ikimngoja msomaji anayeimudu hati.

Kinachowazuia wenzangu wengi, kwa maoni yangu, si ukosefu wa hamu bali hofu ya gredi. Alama moja mbovu katika kozi ya hiari yaweza kumshusha mtu daraja la shahada, na tangazo la kazi haliulizi alama hiyo ilitoka wapi. Mimi mwenyewe nilipata C, na sikufurahi. Basi wahadhiri wetu waturuhusu kuhudhuria angalau kozi moja ya nje bila kutahiniwa, jina la kozi liandikwe katika nakala ya matokeo, alama zisihesabiwe. Gharama yake haitakuwa kubwa. Katika ukumbi tuliosomea Kiarabu, safu tatu za nyuma zilikuwa tupu muhula mzima.