Korti si uwanja wa kumkomoa mzazi mwenza

Mliachana. Sawa, hayo hutokea. Mkaenda kortini, hakimu akasikiliza pande zote mbili, akaamua mtoto akae na mama, baba awe naye wikendi na nusu ya likizo. Miezi miwili baadaye ukarudi na ombi jingine. Likatupwa. Sasa umeleta la tatu, eti mtoto alikuja kwako bila sweta. Hebu nikuulize: hapo unampigania mtoto ama unapigana na aliyekuwa mpenzi wako?

Najua utaniambia ni haki yako. Kweli, Kifungu cha 53 cha Katiba kinasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Lakini kifungu hicho hicho kinasema maslahi ya mtoto ndiyo muhimu zaidi katika kila jambo linalomhusu. Hasira zako hazijatajwa hapo.

Na kila ombi lina gharama. Mwenzako anaomba ruhusa kazini tena na kumlipa wakili tena. Afisa wa watoto anarudi kuandika ripoti. Mtoto wa miaka minane anaulizwa kwa mara ya nne angependa kukaa na nani. Akijibu, anahisi amemsaliti mzazi mmoja. Halafu tunashangaa kwa nini halali usiku.

Uingereza na Wales waliliona hili mapema. Kifungu 91(14) cha Sheria yao ya Watoto ya 1989 kinamruhusu hakimu kuamuru kwamba mzazi fulani asilete ombi jingine kuhusu mtoto bila idhini ya korti. Mwaka 2021, Sheria ya Dhuluma za Nyumbani iliweka wazi kuwa amri hiyo inaweza kutolewa iwapo ombi jipya litamweka mtoto au mzazi mwingine katika hatari ya kudhurika. Walijua wapo wanaotumia kesi kuendelea kumtesa mtu aliyewakimbia.

Hapa Kenya tuna Sheria ya Kesi za Usumbufu, Sura ya 41. Shida ni kwamba Mwanasheria Mkuu ndiye huwasilisha ombi hilo katika Mahakama Kuu. Sasa mama muuza mitumba atamfikia vipi? Uwezo huo uandikwe waziwazi katika Sheria yetu ya Watoto, hakimu aliyesikiliza kesi autumie mwenyewe, na kwa muda maalumu.

Utauliza, na mtoto akianza kupigwa? Na mama akikataa kabisa baba amwone mtoto licha ya amri? Hizo ni sababu halisi, na mlango usifungwe. Utaeleza kilichobadilika, upewe idhini, uingie. Anayedharau amri ya korti naye asijifiche nyuma ya kizuizi hiki.

Siku hizi kesi huwasilishwa mtandaoni, unaweza kuanza nyingine ukiwa kitandani. Kabla hujabonyeza, jiulize ni nini kimebadilika katika maisha ya mtoto tangu uamuzi wa mwisho. Kama jibu ni kwamba mamake amepata mpenzi mpya, weka simu chini. Jumamosi nenda ukamchukue mtoto saa uliyopangiwa, mle chipsi, akuonyeshe madaftari yake. Akishakuwa mtu mzima, hakuna hakimu atakayekurudishia Jumamosi hizo.