Waliohesabiwa na Wasiohesabiwa

Wako wanafunzi wanaosema kwamba kanuni za utafiti wa saikolojia ni mambo makavu, ya kukaririwa usiku wa kuamkia mtihani na kusahauliwa asubuhi yake. Sampuli, kikundi cha kulinganishia, kipimo, sababu na tokeo: kwao yote hayo ni maneno matupu ya walimu. Napinga rai hiyo kwa nguvu zangu zote, na ushahidi wangu siutoi mbali. Nautoa Nairobi, katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari.

Mwaka 1938 hospitali hiyo ilikabidhiwa daktari mmoja aitwaye J. C. Carothers, ambaye wakati huo hakuwa na mafunzo maalumu ya maradhi ya akili. Mwaka 1947 alichapisha matokeo ya kuwachunguza Waafrika waliolazwa pale, na mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu chake juu ya akili ya Mwafrika katika uzima na katika maradhi. Si Mkamba, wala Mluo, wala Mdigo: Mwafrika! Kweli alikusanya humo pia maandishi ya watu wengine kutoka sehemu nyingine za bara, lakini mzizi wa maarifa yake ulikuwa katika wodi za Mathari.

Basi na tuulize swali ambalo hata mwanafunzi wa kidato cha kwanza aweza kuliuliza. Ni nani aliyepelekwa Mathari siku zile? Mtu aliyewapiga wenziwe, aliyechoma nyumba, au aliyezurura uchi barabarani, huyo alikamatwa akapelekwa. Lakini mama aliyeketi gizani jikoni mwaka mzima, chakula hakitaki, maneno hana, machozi yakimtoka asijue yatokako, nani angemkamata? Hakuvunja sheria yoyote. Jamaa zake walimtunza, wakamwita mganga, wakamwombea Mungu, na jina lake halikuingia katika daftari la serikali. Carothers aliona kwamba ugonjwa wa huzuni, ambao siku hizi tunauita unyogovu au sonona, ulikuwa adimu katika daftari zake. Akahukumu kwamba ni adimu kwa Waafrika. Ni kama mtu akaaye mlangoni pa jela, akawahesabu watokao, kisha akaandika kitabu juu ya tabia za Wakenya wote.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi. Alidai kwamba Mwafrika hutumia kidogo sana sehemu ya mbele ya ubongo wake, akamfananisha na Mzungu aliyepasuliwa kichwa na kukatwa nyuzi za sehemu hiyo. Hoja hiyo ilisimama juu ya mfanano wa tabia, kama alivyouona yeye mwenyewe. Na mwamba ngoma huvutia kwake. Anayelinganisha watu yampasa alinganishe wale walio sawa katika kila jambo, isipokuwa lile moja analolichunguza. Weka upande mmoja kibarua ambaye hakupata shule, aliyekuwa na kipande shingoni, anayejibu maswali ya mkubwa kwa lugha isiyo yake. Weka upande wa pili karani wa London. Wakitofautiana, utasema ni ubongo, ni shule, ni umaskini, ni lugha, au ni hofu? Mambo matano yamefungwa katika mzigo mmoja, na mtafiti amechomoa lile alilolitaka.

Tena haya hayakubaki katika maktaba. Mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kilitoka kijitabu cha Carothers juu ya saikolojia ya Mau Mau, alichokiandika kwa ombi la serikali ya kikoloni. Watu waliodai ardhi yao wakaelezwa kuwa ni watu wenye nafsi zilizovurugika. Naye akaunga mkono siasa ya kuwakusanya katika vijiji vipya. Zaidi ya watu milioni moja, Wakikuyu na jirani zao, walihamishiwa vijiji hivyo katika miaka ya 1954 na 1955. Sisemi kwamba kijitabu hicho ndicho kilichowahamisha, maana kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Nasema kiliivika joho la sayansi.

Wengine watanijibu: ya nini kuhangaika na kanuni? Mtu yule alitudharau tu, basi. Jibu hilo ni tamu lakini halitoshi, kwa kuwa kasoro ile haina rangi. Kijana awaulizaye rafiki kumi wa bweni lake, kisha akaandika kwamba wanafunzi wa Kenya wanapenda hiki na kuchukia kile, ametenda lile lile. (Afadhali yeye, maana kazi yake huishia mezani pa mwalimu.)

Wala walioibomoa hoja ya Mathari hawakuibomoa kwa hasira. Thomas Adeoye Lambo wa Nijeria, pamoja na Alexander Leighton wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, na wenzao, waliwafuata Wayoruba vijijini na mjini Abeokuta badala ya kuwangoja wodini. Kitabu chao kilitoka mwaka 1963, na dalili za huzuni zilizokuwa adimu hospitalini zilionekana humo kuwa za kawaida majumbani. Baadaye John Orley na John Wing, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1979, walitumia kipimo kimoja kwa watu wa vijiji viwili vya Uganda na kwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London. Ugonjwa wa huzuni ulionekana kuwa mwingi zaidi Uganda kuliko London. Bila shaka vijiji viwili si Uganda nzima, na msomaji ana haki ya kuuliza vilichaguliwaje, na kwa nini hivyo na si vingine.