Dijitali ni nzuri, lakini nani atamnunulia mkimbizi dekoda?

Ndugu wasikilizaji, na hasa nyinyi mliokimbia vijiji vyenu na leo mnapokelewa na familia za Beni, Oicha na Butembo, leo nataka tuongee juu ya televisheni.

Wengi wanasema mambo ya analojia na dijitali ni ya watu wa Kinshasa. Mimi nakataa. Popote analojia inapozimwa, televisheni ya zamani isiyo na dekoda haionyeshi kitu tena. Katika nyumba ambamo familia tatu zinatazama habari kwenye televisheni moja, wote watatu wanabaki gizani kwa siku moja.

Mwaka 2006, huko Geneva, nchi za Afrika, za Ulaya na nyingine zilipatana juu ya masafa ya dijitali, na 17 Juni 2015 ikawekwa kuwa mwisho wa kulinda masafa mengi ya analojia. Nchi nyingi za Afrika, yetu pia, zilifika tarehe hiyo kazi haijaisha.

Mimi sipingi dijitali. Masafa yaliyobeba stesheni moja ya analojia yanaweza kubeba kumi au zaidi, tena kwa picha safi. Masafa yanayobaki wazi yanaweza kupewa kampuni za simu kwa ajili ya intaneti, nazo zinalipa serikali. Hapo ndipo penye neno langu. Masafa ni mali ya raia wote. Kama serikali inapata pesa kwa kuyatoa, sehemu ya pesa hizo irudi kwa raia masikini kama dekoda. Marekani, nchi tajiri, ilizima analojia za stesheni zake kubwa mwaka 2009, lakini kwanza ilizipa familia kuponi za dola 40 za kununulia dekoda. Je, mama aliyekimbia na watoto na godoro, anayelima shamba la mtu ili apate unga wa siku, yeye aambiwe ajinunulie?

Jirani zetu wametufundisha. Tanzania ilianza kuzima Dar es Salaam 31 Desemba 2012, kisha ikaendelea mji kwa mji. Kenya, mwaka 2015, mabishano kati ya mdhibiti na stesheni kubwa za binafsi yalifanya stesheni hizo zipotee hewani kwa wiki kadhaa. Sheria isiyoeleweka mapema inaumiza mtazamaji, ambaye hana kosa.

Kwa hiyo naomba ARPTC, CSAC na wizara zinazohusika mambo manne. Analojia isizimwe mahali ambapo mawimbi ya dijitali hayajafika vizuri. Stesheni ya taifa na stesheni ndogo za jamii zionekane bila malipo ya kila mwezi, na kampuni inayobeba mawimbi isizitoze bei ya kuziua. Wafanyabiashara wakatazwe kutuuzia televisheni za analojia ambazo nchi nyingine zimezitupa. Na matangazo ya kazi hiyo yatolewe kwa Kiswahili na lugha zetu, si kwa Kifaransa cha ofisini peke yake.

Kwetu habari si starehe. Kupitia habari tunajua barabara gani imefungwa, chanjo inatolewa wapi, na kama kijiji kimetulia hata mtu aweze kurudi kuvuna. Ukimnyima mtu habari hapa, unaweza kumpeleka kwenye kifo.

Mwisho, shauri dogo. Ukienda kununua televisheni, hata ya mitumba, muulize muuzaji kama inapokea dijitali, na aiwashe mbele yako. Redio yako ya FM haihusiki na mabadiliko haya ya televisheni. Atakayekuambia ununue dekoda ili uendelee kusikiliza redio, huyo ni mwizi. Mwambie na jirani.