Mawe ya Narbonne na Mikono Iliyoyapitisha

Aghalabu msomaji wa matini kongwe hufundishwa kuitafuta sura yake ya kwanza, na kuyahesabu yote yaliyofuata kuwa vumbi la kupanguswa. Mawe ya Kirumi ya mji wa Narbonne, kusini mwa Ufaransa, yanayapinga mafundisho hayo.

Mji huo ulianzishwa na Warumi mwaka wa 118 K.K. kwa jina la Narbo Martius. Katika makaburi yake walizikwa mafundi, wafanyabiashara na watumwa walioachwa huru. Karne ya 16 mawe ya makaburi hayo yalitumiwa kujengea kuta za ngome. Kuta zilipobomolewa katika nusu ya pili ya karne ya 19, mawe yakahamishiwa katika Notre-Dame de Lamourguier, kanisa la kale la watawa Wabenedikto ambalo halikuwa tena nyumba ya ibada. Humo yakapangwa safu kwa safu, jiwe juu ya jiwe, na kanisa likawa makumbusho. Mwaka wa 2021 yalifunguliwa makumbusho mapya ya Narbo Via, ambamo mawe 760 yamewekwa katika ukuta mmoja mkubwa wenye mtambo wa kuyatoa na kuyabadilisha nafasi.

Wapo watakaosema kwamba sasa ndipo mawe haya yamepata heshima yake, kwani kanisa lilikuwa ghala tu. Nusu ya hoja hiyo ni ya haki. Jiwe la kaburi huchongwa lisomwe. Katika baadhi ya maandishi ya Narbonne, herufi V imetangulia jina la mtu aliyekuwa angali hai wakati jiwe linachongwa, ili mpita njia ajue nani amekufa na nani bado. Herufi moja hiyo, ambayo huenda ndiyo habari pekee ya uhai wa mtumwa fulani aliyepata uhuru, haisomeki iwapo jiwe limefunikwa na mengine.

Ila hilo neno "ghala" halikubaliki. Ngome haikuyajali majina, lakini iliyatunza pasipo kukusudia kwa takriban miaka mia tatu. Kanisa nalo, ingawa lilikwisha kuvuliwa utakatifu wake, liliwasitiri wafu walioabudu miungu mingine. Wanaohariri tenzi za Kiswahili zilizonakiliwa kwa hati za Kiarabu wanalielewa jambo hili: mnakili hukosea, naam, na pengine huongeza lake, lakini pasipo mnakili huyo mhariri angehariri nini?

Kwa hiyo, mtazamaji anayesimama mbele ya ukuta wa Narbo Via anastahili kuonyeshwa, pamoja na jina la marehemu na herufi yake ya V, jiwe lilitolewa upande gani wa ngome, na lilikaa safu ya ngapi kanisani, popote kumbukumbu zinaporuhusu.