MAMA, USIONDOKE DIRISHA LA DAWA KAMA HUJAELEWA (Sehemu ya 4)



Leo ni zamu ya cheti cha dawa. Msimamo wangu nausema mapema: mama anayeuliza maswali dirishani SIO msumbufu. Anauliza yaleyale ambayo mwanafunzi wa famasia anaulizwa kwenye mtihani.

Mtihani wa kutoa dawa unataka hatua. Cheti kikifika, kisome chote: jina, umri, uzito, dawa, nguvu ya dawa, kiasi, mara ngapi, siku ngapi, sahihi ya aliyeandika. Kitu kikikosekana au mwandiko hausomeki, usikisie, muulize aliyeandika. Piga hesabu, toa dawa, andika maelezo, hakiki tena. Mwisho mweleze mgonjwa, na yeye arudie alichoelewa.

Hiyo hatua ya mwisho ndo inayorukwa foleni ikiwa ndefu. Na ndo ya kwako wewe mama.

Tuchukue mfano. Mtoto wa kilo 10 ana homa. Paracetamol ni miligramu 15 kwa kila kilo, kwa dozi moja. Kwa hiyo anahitaji miligramu 150. Chupa iliyoandikwa 120mg/5ml, utampa kama ml 6. Chupa ya 250mg/5ml, utampa ml 3 TU. Dawa ni ileile, mtoto ni yuleyule. Ukizoea "ml 6" halafu safari hii umepewa chupa ya pili, umempa mara mbili ya kiasi chake. Ukirudia hivyo siku kadhaa, ini la mtoto linaweza kuumia.

Kwa hiyo kabla hujaondoka, uliza:

1. Uzito wa mtoto umeandikwa kwenye cheti? Kama hajapimwa leo, omba apimwe. Umri peke yake hautoshi, watoto wa mwaka mmoja hawalingani kilo.

2. Chupa hii nimpe ml ngapi? Mwambie akuonyeshe kwenye kipimo. Kijiko cha chai cha nyumbani sio kipimo, vinatofautiana.

3. Hii 1x3 ni saa ngapi na saa ngapi? Maana yake ni kila baada ya saa 8, sio asubuhi, mchana na jioni ukikumbuka.

4. Siku ngapi? Na kama ni dawa ya unga, maji niweke mpaka wapi?

Halafu rudia kwa sauti ulichoambiwa. Kama umekosea, mtu wa dawa atakurekebisha palepale.

Najua wapo watakaosema nawafundisha kina mama kubishana na wataalamu. Hapana jamani. Mtu wa dawa anahudumia foleni nzima peke yake, anachoka kama binadamu mwingine. Swali lako ni jicho la pili, linamlinda hata yeye. Uliza kwa heshima: "Samahani dada, naomba unielekeze tena." Akikunja uso, wewe simama hapohapo. Uso uliokunjwa utapita, dozi ikishamezwa hairudi.

Mtumie na dada wa kazi na bibi yake mtoto, maana wao ndo wanaompa dawa ukiwa kazini. Sehemu ya 5 tutaongelea dawa zinazobaki kabatini. ❤️